Panya Anafia Nje

Bundi alitua juu ya ukuta wa uani saa nne asubuhi, jua limeshapanda, watu wanafua.

Huku Kihonda, Morogoro, bundi wa mchana si habari ya kupita hivi hivi. Watoto wa kwanza kumwona walipiga yowe, wa pili wakaokota mawe. Jirani wa chumba cha mbele alitoka na ufagio, akasimama mbali, akaanza kumkemea kwa jina la Yesu. Mama mwenye nyumba, hajati wa swala tano, alisoma aya kimoyomoyo akafunga mlango wake. Kwa muda ule uani kwetu hapakuwa na tofauti ya dini.

Bundi hakuruka. Jiwe lilimpita karibu na kichwa, naye akageuza ule uso mweupe wenye umbo la moyo, taratibu mno, akafumba macho. Akayumba. Akajishika. Alipoyumba tena hakujishika. Aliangukia upande wa ndani, kwenye karo la kufulia, mabawa wazi.

Adhuhuri ilipoadhiniwa alikuwa ameshakufa.

Vijana walileta mafuta ya taa wamchome, maana bundi aliyetumwa hazikwi. Ubishi ulikuwa juu ya nani kamtuma, na kwa nani. Nyumba yetu ina vyumba sita, na kila chumba kina mtu anayeamini ana adui.

Baba mdogo ndiye aliyeinama kwenye karo. Alikuwa amefikia kwangu, yuko safarini kwenda kliniki Dar es Salaam. Ndege hakumtazama sana. Alitazama damu iliyotoka mdomoni, nyepesi, imetambaa kwenye saruji hadi kwenye tundu la kutolea maji.

"Ameanguka saa ngapi huyu?"

"Saa nne na kitu."

"Na mpaka sasa damu haijaganda?" Akainama zaidi, magoti yakalia. "Mwanangu, damu hii naijua. Inafanana na yangu."

## Kidonge cha jioni

Baba mdogo ana vali ya bandia moyoni. Tangu alipowekewa, kila jioni anameza warfarini ili damu isigande kwenye vali, na mara kwa mara anapimwa INR, kipimo kinachoonyesha damu yake inachukua muda gani kuganda. Kikishuka, anaogopewa kiharusi. Kikipanda, anaweza kuvuja damu ndani kwa ndani bila kugongwa na kitu. Kwa hiyo anaishi kwa masharti: asichezee wembe, asimeze dawa za maumivu za dukani bila kuuliza, asibadilishe ghafla kiasi cha mchicha na kisamvu anachokula. Majani hayo yana vitamini K kwa wingi, na vitamini hiyo na kidonge chake havipatani.

Hayo nilikuwa nayajua miaka yote. Sikuwahi kujua kwamba kidonge chenyewe kilianza kazi yake kama sumu ya panya.

Kisa kinaanzia Amerika Kaskazini miaka ya 1920, ng'ombe walipokuwa wakivuja damu hadi kufa baada ya kulishwa majani makavu ya klova tamu, mmea wa malisho, yaliyoota ukungu. Februari 1933 mkulima mmoja wa Wisconsin aliendesha gari katikati ya dhoruba ya theluji, amepakia mtamba aliyekufa na kopo la maziwa lililojaa damu isiyoganda, mpaka maabara ya mwanakemia Karl Paul Link. Ilichukua miaka kuipata kemikali iliyokuwa ikiua ng'ombe wale. Mwaka 1948 kemikali ya ukoo huohuo, warfarini, iliingia sokoni kuua panya. Katikati ya miaka ya 1950 binadamu nasi tukaanza kuimeza. Rais Eisenhower wa Marekani alipewa baada ya mshtuko wa moyo wa 1955.

Namna inavyofanya kazi ni ileile kwa panya, kwa rais na kwa baba mdogo. Mwili hutengeneza protini za kugandisha damu kwa msaada wa vitamini K, na kila ikishatumika huirudisha hali yake ya mwanzo ili itumike tena. Warfarini inazuia urejeshaji huo. Protini zilizokwisha kutengenezwa hudumu siku kadhaa, ndiyo maana panya aliyekula chambo usiku wa leo, kesho yuko mzima, na anarudi kula.

Baba mdogo dozi yake hupimwa kwa miligramu na kurekebishwa na daktari. Panya wa darini hana kliniki.

## Kijana wa spika

Panya walikuwa wametuzidi mtaani tangu mvua zilipokatika. Karibu kila jioni alipita kijana wa baiskeli mwenye spika, sauti ileile iliyorekodiwa ikizunguka: dawa ya panya, dawa ya mende, kunguni, viroboto, panya akila hafii ndani, anafia nje, hanuki, anakauka!

Kabla ya siku ya bundi, maneno hayo yalikuwa kelele za mtaa tu, pamoja na za muuza kahawa na za bodaboda. Baada ya siku ile yakaanza kuniwasha. Nikamsimamisha.

Alikuwa na vidonge vya buluu kwenye pakiti yenye maandishi, nafaka zilizopakwa rangi nyekundu, na unga mweusi kwenye vimfuko vya nailoni vilivyofungwa kwa mshumaa, bila jina wala namba.

"Ipi nzuri, kaka?"

"Zote, dada yangu. Ila hii ya buluu ndiyo kiboko. Akila mara moja tu, imetosha."

"Na kwa nini anafia nje?"

"Anashikwa na kiu. Anatoka kutafuta maji."

"Kweli?"

Akacheka, akapunguza sauti ya spika. "Dada, mteja hataki harufu darini."

Nilimpenda kwa jibu hilo. Habari ya kiu ni maneno ya biashara. Panya wengi hufia mashimoni na juu ya dari, na aliyewahi kulala chini ya dari lenye mzoga hahitaji kuelezwa. Lakini tangazo lile lina ukweli mwingine ambao kijana hakukusudia kuutangaza. Panya anayevuja damu ndani kwa ndani huishiwa nguvu kabla hajafa. Anatembea mchana. Anavuka uwanja polepole, haukimbii mlio wala kivuli. Siku mbili tatu za mwisho wake ni rahisi kumkamata kuliko siku nyingine zote za maisha yake.

Na huko nje wapo wanaomngoja. Watu wa Morogoro tunajisahaulisha kwamba tunaishi chini ya Uluguru: nguchiro wanakatiza barabara asubuhi, fungo na kanu wanapita juu ya kuta usiku, mwewe wako juu ya soko, kenge yuko kwenye mfereji. Nyuma ya nyumba yetu kuna pagale ambalo mwenyewe aliliacha bila kulipaua lote, na usiku ulikuwa unasikia humo ukelele mkavu wa kukwaruza. Ndipo alipokaa bundi yule, babewatoto kama aitwavyo bundi wa uso mweupe, na mwenzake.

Pakiti ya buluu iliandikwa bromadiolone. Hii si warfarini ya 1948. Warfarini ilimtaka panya ale mara nyingi, siku baada ya siku, na mwaka 1958 huko Uskoti wakagunduliwa panya ambao haiwashiki tena. Viwanda vikajibu kwa kizazi cha pili, miaka ya 1970: difenacoum, brodifacoum, bromadiolone hii, na ndugu zao. Hizi mlo mmoja unaweza kutosha. Zinang'ang'ania ini, na baadhi hukaa humo kwa miezi.

Ucheleweshaji wenyewe ni wa makusudi. Panya ni mwerevu wa chakula: anaonja kidogo kitu kigeni, na akiugua papo hapo hakigusi tena. Sumu isiyompa dalili kwa siku tatu nne inamshinda akili. Ila katika siku hizo anaendelea kula. Anapokufa anaweza kuwa amebeba sumu ya kumuua mara kadhaa, nyingi ikiwa kwenye ini. Na babewatoto hachambui nyama kama sisi. Humeza panya mzima, kisha baadaye hutapika tonge la manyoya na mifupa. Ini linabaki tumboni mwake.

Kuhusu ule unga mweusi, kijana alinihakikishia ni "wa mitishamba". Unga wa rangi ile mara nyingi ni zinki fosfidi, ambayo ikikutana na asidi ya tumbo hutoa gesi ya fosfini na kuua kwa saa chache. Yenyewe haikai mwilini miezi kama ile ya buluu, lakini mbwa anayekula panya na tumbo lake ambalo bado lina chambo anaweza kufa, na kuku anayedonoa punje hahitaji hata panya wa kati. Tena hapo nasema "mara nyingi" kwa sababu kimfuko kisicho na lebo hakiapiwi. Huko Afrika Kusini, aldicarb, sumu kali ya wadudu wa mashambani, imeuzwa kwa magendo mitaani kama dawa ya panya na imeua mbwa, ndege na watoto. Kwetu viuatilifu vinasajiliwa na TPHPA, mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu, na vilivyosajiliwa vina lebo. Kilichofungwa kwa mshumaa hakina.

## Labda aligongwa tu

Hapa ndipo nilipokwama kwa majuma.

Nilimtumia picha rafiki yangu daktari wa mifugo, nikitegemea aniambie nilichotaka kusikia. Hakuniambia.

"Ndege aliyegongwa na pikipiki naye hutoka damu mdomoni," aliandika. "Aliyejipiga kwenye waya vilevile. Na damu ya mzoga kutoganda haitoshi kuwa ushahidi. Ungegandisha ini kwenye friji, tukatafuta maabara ya kulipima."

Ini lilikuwa limeshakuwa majivu.

Nikaenda kusoma. Uingereza wana mpango wa miaka mingi wa kupima maini ya ndege wawindaji wanaookotwa wamekufa, na zaidi ya babewatoto nane katika kila kumi waliopimwa wamekutwa na mabaki ya sumu za panya. Nikasema, basi, kesi imekwisha. Nikageuza ukurasa: wengi wa bundi hao waliuawa na magari au njaa. Sumu ilikuwa kwenye maini yao, lakini kwa kiasi ambacho huwezi kusema ndicho kilichowaua.

Je, bundi mwenye sumu kidogo mwilini huchelewa kulikwepa gari? Huwinda vibaya hadi akonde? Wataalamu wenyewe wanabishana, na mimi si mtaalamu.

Kilichonisaidia ni bundi wa New York. Flaco, bundi mkubwa wa jamii ya Ulaya na Asia, alitoroka bustani ya wanyama ya Central Park Februari 2023 baada ya mtu kukata wavu wa kizimba chake. Alikuwa amezaliwa kizuizini. Watu walidhani hatajua kuwinda. Alijifunza, akaishi mwaka mzima kwa panya na njiwa wa jiji, watu wakimfuata na kamera kila alipotua. Februari 2024 akaokotwa chini ya jengo, akafa. Uchunguzi ulimkuta na majeraha ya kuanguka, virusi vikali vya njiwa, na aina nne za sumu ya panya za kuzuia damu kuganda. Aina nne! Hakuna mtu aliyemtegea Flaco. Kila jengo lilikuwa na panya wake, na kila meneja wa jengo aliweka chake.

Los Angeles ilikuwa hivyohivyo kwa P-22, puma, paka mkubwa wa mwitu wa Amerika, aliyevuka barabara kuu mbili zenye magari usiku na mchana akaishi peke yake katika bustani ya Griffith. Mwaka 2014 alikamatwa ana upele mwili mzima, na damu yake ikakutwa na sumu ya panya. Puma huyo hawindi panya. Anakula paa na wanyama wa kati waliokula walichokula. Alitibiwa, akaishi hadi Desemba 2022, alipodungwa sindano ya kumpumzisha kwa sababu ya majeraha na maradhi. California tayari ilikuwa imepitisha sheria, iliyoanza kutumika Januari 2021, kubana matumizi mengi ya kizazi cha pili.

Niliposoma habari ya Flaco ndipo nilipoiona tofauti ndogo iliyokuwapo kati yangu na majirani. Wao walitaka mchawi mmoja. Mimi nilitaka pakiti moja.

Huenda bundi wetu aligongwa kweli. Huenda alikuwa na njaa. Huenda alikuwa amebeba kidogo cha chumba cha mbele, kidogo cha duka la mpunga, kidogo cha gereji, na siku hiyo pikipiki ikamkuta hana wepesi. Nimeacha kutafuta kimoja.

## "Bundi hanilishi"

Shangazi yangu analima mpunga Dakawa, na anauweka chumbani anakolala, kwa sababu ghala lilishaibiwa. Nilikwenda na maelezo yangu yote. Alinisikiliza akipeta mchele, mpaka mwisho, hakunikatiza.

"Wewe mtoto," akasema. "Bundi wako atanilipa gunia?"

Sikuwa na la kusema, na sidhani kama anayeishi mjini ana la kusema haraka. Panya shamba wa nyanda hizi anaweza kuzaa watoto kumi na zaidi kwa mkupuo mmoja, na mvua zikija vizuri kwake, anakufukulia mbegu kabla hazijaota na wewe unapanda upya. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) kimemchunguza panya huyu kwa miongo kadhaa kwa sababu hiyo. Tena si chakula tu. Lushoto waliishi na tauni kwa miaka mingi tangu 1980. Julai 2022, kule Ruangwa, watu walianza kutoka damu puani na kuanguka. Ikatangazwa kuwa homa ya mgunda, ugonjwa unaosambaa kwa mkojo wa wanyama, panya wakiwamo. Watu walikufa. Mtu wa kumwambia mama mwenye wajukuu chumbani "waache panya" nitakaa naye mbali.

Shangazi alinipa na sababu nyingine ambayo sijaisoma popote. Mtego unataka mtu wa kuutegua kila alfajiri, mzoga utolewe, chambo kibadilishwe. Mgongo wake haumruhusu kuinama chini ya kitanda. Sumu inafanya kazi yeye amelala.

"Hata nguchiro siku hizi hawaji," akaongeza, kwa furaha. "Vifaranga vyangu vinakua vyote."

Nilikaa kimya. Vifaranga ni vyake.

Lakini njiani kurudi hesabu ile ilinikataa. Panya akipungua leo, wa jirani wanajaza nafasi baada ya miezi, kwa sababu wanazaa kwa kasi na chakula kipo palepale. Bundi hutaga mayai manne, matano, sita, na vifaranga hulelewa kwa wiki nyingi hadi waweze kujitegemea. Ukiwapunguza wote wawili kwa sumu moja, anayewahi kurudi ni panya. Malaysia waliliona hili kwenye mashamba ya michikichi, ambako walijenga vibanda vya babewatoto ili wawasaidie kupambana na panya. Ilipowekwa chambo ya kizazi cha pili kwenye mashamba hayohayo, bundi wakaanza kupungua. Israeli nako wakulima wamewawekea bundi vibanda tangu miaka ya 1980, na sehemu ya shabaha ni kupunguza sumu.

Sidai bundi anatosha. Pagale lile lilikuwa na bundi wawili, na panya tulikuwa nao vilevile.

## Mji wa medali

Niweke hili pembeni maana ni la Morogoro. Panya waliopewa heshima kubwa kuliko wote duniani wamefunzwa hapahapa, SUA, na shirika la APOPO: panya buku wanaonusa mabomu ya ardhini na makohozi yenye vimelea vya kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, mzaliwa wa Tanzania, alifanya kazi Kamboja, akatunukiwa medali ya dhahabu ya PDSA, shirika la hisani la kutibu wanyama la Uingereza, mwaka 2020 na kufa kwa uzee Januari 2022.

Panya buku wa mwituni anakuja uani kutafuta maganda ya ndizi na mapumba. Naye anakula cha buluu. Spika haibagui.

## Gundi

Kuna waliohama sumu wakaenda kwenye gundi, wakidhani ni salama kwa sababu haina kemikali ya kula. Ile inayokunjuliwa kama daftari, unaiweka nyuma ya friji.

Jirani yangu aliiweka chini ya sinki. Panya hakukanyaga. Waliokanyaga ni mijusi kafiri, mmoja baada ya mwingine, kwa sababu wadudu waliogandia pale ni chambo kwao. Mjusi kafiri aliyenasa hafi upesi. Anavuta mpaka ngozi inatoka, anaacha mkia, anabaki. Huyu ndiye anayekula mbu na nondo kwenye taa yako bila kulipwa, na watu wanaomwogopa kwa maneno ya utotoni ni wengi kuliko waliowahi kumtazama anavyowinda. Kirukanjia hunasa, nyoka wadogo hunasa, na ukiweka barazani hunasa shomoro. Mafuta ya kupikia yanaweza kulegeza gundi ukimpaka taratibu kwa kitambaa. Nimeona mmoja akitoka hivyo, sijui aliishi siku ngapi. Wales walipiga marufuku gundi hizi mwaka 2023, na England tangu 31 Julai 2024 si ruhusa kuzitumia kukamata panya bila leseni.

Katika yote niliyoyaona uani, gundi ndiyo pekee ambayo sioni hoja ya kuitetea hata kidogo. Sumu ina shangazi wa kuitetea. Gundi haina mtu.

## Saruji na elfu tano

Kwa shangazi tulifika mahali. Hataacha sumu, ila atanunua yenye lebo, ataiweka ndani ya kipande cha bomba la plastiki badala ya kuitawanya sakafuni, na atakusanya iliyobaki panya wakipungua badala ya kuiacha hapo mwaka mzima. Mjukuu wake mkubwa atazunguka kila asubuhi na mfuko mkononi kama glavu, aokote mizoga na kuizika chini sana, si kuirusha migombani kama zamani. Nimemlipia pipa la bati lenye kifuniko, linaingia magunia mawili. Yaliyobaki yako palepale, kando ya kitanda.

Uani kwetu mambo yamekwenda kwa kelele zaidi. Fundi aliyekuja kukagua alituonyesha tundu linaloingiza kidole gumba, akasema hapo panya anapita na mizigo yake. Kuna matundu ya namna hiyo pande zote: penye bomba la maji, chini ya milango, pale bati linapokutana na ukuta. Tumeziba ya chini kwa saruji iliyochanganywa na vipande vya kioo. Jalala limehamishwa kutoka ukutani. Kuna mitego mitatu ya kubana, na zamu ya kuitegua imebandikwa mlangoni mwa choo, ambako kila mtu lazima aisome. Jirani mmoja amependekeza paka. Mwingine amesema paka naye atamaliza mijusi na ndege, na wote wawili wana haki.

Kijana wa spika bado anapita. Nilimuuliza kama anaweza kuuza mitego, akasema aliwahi, ila mtego mteja ananunua mara moja, dawa anarudi kila mwezi.

Kilichobaki ni wavu wa chuma wa kuziba juu, kwenye paa. Mama mwenye nyumba amekubali, kwa sharti kila chumba kitoe elfu tano. Vyumba vinne vimetoa. Wa chumba cha mbele anasema hatoi hata senti kwa ajili ya ndege wa kichawi. Tumemwambia wavu ni wa panya. Amesema atafikiria mwisho wa mwezi, mshahara ukitoka.